Chupa Thelathini na Moja za Achari

Simu iliita saa tatu usiku nikiwa naosha vyombo. Alikuwa mteja wangu wa Kimara, mama mtu mzima ambaye kila mwezi huchukua chupa mbili za achari ya embe. Akaniambia, "Mwanangu, hii achari yako inachemka." Nilidhani sijamsikia vizuri. Akanieleza: amefungua kifuniko kikalia kama cha soda, mafuta yakamwagika mezani, na ndani ya chupa kuna mapovu madogo yanapanda juu. Hakuwa na hasira. "Nimeona nikwambie mapema, kabla hujampelekea mwingine."

Nilikuwa nimeshawapelekea wengine. Wiki ile nilipika mara mbili, Jumanne na Ijumaa, jumla chupa 31, zote na lebo moja: jina la biashara, namba ya simu na picha ya embe. Hakuna hata moja iliyoonyesha ilitengenezwa siku gani. Nikakaa kitandani na daftari la hesabu la mwanangu, nikaanza kupekua meseji za M-Pesa moja baada ya nyingine. Aliyetuma 10,000 alichukua mbili. Aliyetuma 15,000 alichukua tatu, au alichukua mbili na ile 5,000 ilikuwa ya bodaboda? Na waliolipa taslimu getini je? Mpaka saa saba usiku nilikuwa nimewatambua wenye chupa 23. Nane sikuzipata, na mpaka leo sijui zililiwa na nani.

Niliowapata niliwaambia maneno yaleyale: kama kifuniko kimevimba au achari inatoa povu, usiile, imwage, hela yako nakurudishia. Wengi walicheka. Mmoja akasema achari ya nyumbani ndivyo ilivyo, ikichacha ndiyo inanoga. Lile jibu lilinitisha kuliko mapovu yenyewe. Watu walikuwa tayari kula chochote kilichotoka jikoni kwangu kwa kuwa wananifahamu, na mimi nilikuwa nauza kwa nguvu ya kufahamika tu, bila kitu kingine nyuma yake.

Kosa lenyewe nalijua. Achari niliyojifunza kwa bibi huanza na jua. Embe mbichi zinakatwa vipande, zinasuguliwa chumvi na bizari, zinaanikwa kwenye ungo siku mbili hata tatu mpaka kingo zijikunje. Ndipo zinakutana na haradali, uwatu, pilipili na mafuta yaliyochemshwa yakapoa. Jumanne ile mvua haikukata. Nilianika sebuleni chini ya feni usiku mmoja, asubuhi nikafuta vipande kwa kitambaa, nikaendelea. Ukivibonyeza vilikuwa bado vinatoa maji. Maji yale yakaipunguzia chumvi makali, chachu ikapata nafasi ya kufanya kazi yake, na mimi nikaifungia ndani kwa kifuniko cha chuma. Kwa rehema za Mungu hakuna aliyeniambia kaumwa.

Siku tatu baadaye nilikwenda kuuliza sheria inasemaje. Nilikuwa na miaka miwili ya kuuza bila kuuliza.

Jirani yangu anauza vitumbua barazani kwake. Mpaka saa kumi na mbili alfajiri chuma kimeshapata moto, na mteja anapokea kitumbua kinachochoma vidole. Hakuna anayemuuliza alama ya ubora, na sioni kwa nini aulizwe. Kitumbua kinatengenezwa mbele ya macho yako na unakila hujafika kituoni. Yeye anahusika na afisa afya wa kata: maji yake yametoka wapi, choo kikoje, taka anatupa wapi, na cheti cha kupima afya, ambacho kila anayeshika chakula cha kuuza anatakiwa kukihuisha kila miezi sita. Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam Agosti 2015, watu wa kundi lake ndio waliobanwa kwanza na maofisa afya, na kwa haki kabisa, maana hatari ya chakula cha papo kwa papo ni mikono, maji na nzi.

Achari yangu ni jambo jingine. Mimi nikishafunga kifuniko, chupa inasafiri. Inapanda bodaboda, inakaa dirishani kwa mtu Kimara, inapelekwa Dodoma kama zawadi, inafunguliwa miezi mitatu baadaye na mtu ambaye hajawahi kuniona. Huyo hawezi kunitazama mikono. Kilichobaki kuzungumza naye ni lebo na kilichomo ndani. Ukifungasha chakula na kukipa siku za kuishi, umetoka kwenye upishi umeingia kwenye uzalishaji, hata kama sufuria ni ileile unayopikia ubwabwa wa watoto. Hilo hakuna aliyewahi kuniambia, na nadhani wanawake wengi tunaouza kwa status za WhatsApp hatujaambiwa. Tunasikia "TBS", yaani Shirika la Viwango Tanzania, tukadhani ni kitu cha viwanda vya Pugu Road.

Kwa hiyo nianze na mlolongo wa vibali, kama nilivyoupitia. Serikali ya mtaa ilinipa barua ya utambulisho. Namba ya mlipakodi nilikuwa nayo. Jina la biashara nikalisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao, usiku watoto wakiwa wamelala. Leseni ya biashara ni ya halmashauri. Kwenye kupima afya nilitoa choo na makohozi, nikapata kadi. Hayo yote ni ya kuzunguka tu. Yanachosha miguu ila hayazuii mtu.

Halafu SIDO. Hili nalisema kwa msisitizo kwa yeyote anayetengeneza kitu nyumbani: usikurupuke kwenda Ubungo kwenye ofisi za TBS ukiwa peke yako na chupa zako mkononi. Pitia SIDO kwanza. Shirika hili lipo tangu 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, wana mafunzo ya usindikaji, na barua yao ndiyo inayokutambulisha TBS kama mjasiriamali mdogo, ambaye hudumiwa bila kutozwa gharama za alama ya ubora anapoanza. Nimekutana na mama aliyekuwa anauza unga wa lishe miaka minne, akiogopa "mamilioni ya TBS" aliyoyasikia saluni. Alikuwa anaogopa gharama ambayo kwa hatua ya kwanza wala haikumhusu.

Wenzetu waliotangulia walikuwa na kazi kubwa zaidi. Zamani mtu wa chakula alikuwa na mabwana wawili: TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, kwa usalama wa chakula na jengo, TBS kwa viwango. Julai 2019, kufuatia Sheria ya Fedha ya mwaka ule, mambo ya chakula na vipodozi yalihamishiwa TBS, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Ukikuta chupa ya zamani yenye namba ya TFDA, ndiyo habari yake. Ukiwa Unguja au Pemba usifuate maelezo yangu. Kule kuna ZFDA ya chakula na dawa na ZBS ya viwango, na taratibu zao wenyewe.

Sasa nifike kwenye chumba cha uzalishaji, maana ndicho kilichonifanya niandike.

Mkaguzi alikuja asubuhi, dada mmoja mpole mwenye daftari. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Aliangalia jiko langu kwa dakika arobaini. Alifungua kabati la viungo, akapitisha kidole juu ya mlango wa friji, akauliza maji ya tenki yanasafishwa lini, akasimama muda mrefu mbele ya dirisha lisilo na wavu. Alikuta sufuria la uji wa mtoto, pampu ya mafuta ya taa chini ya meza, na paka wa jirani amelala kwenye gunia la mkaa. Nilikuwa nimesafisha siku mbili. Mwisho akaniambia, "Dada, jiko lako ni safi kuliko mengi niliyoyaona. Lakini hili ni jiko la familia. Eneo la uzalishaji linatakiwa kuwa peke yake." Akaandika: ukuta unaooshika, sakafu ya vigae, dari, wavu madirishani, sehemu ya kunawa mikono iliyo mbali na ya kuoshea vyombo, stoo ya malighafi isiyochanganyika na bidhaa iliyokamilika, njia ya mzigo kuingilia na ya kutokea.

Sikubishana naye. Kila alichoandika kina maana na naweza kukieleza kwa mtu. Mtoto mwenye kuhara, paka, mafuta ya taa jirani na mafuta ya kula: hakuna hata kimoja ambacho mzazi angekitaka kwenye achari ya mtoto wa mwenzake. Fundi alinipigia hesabu ya chumba cha mita tatu kwa tatu nyuma ya nyumba: milioni mbili na laki nane.

Wakati ule chupa yangu ilikuwa 5,000. Nikafanya hesabu nyingine. Vile vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilivyotolewa kuanzia Desemba 2018 kwa shilingi 20,000 vilimlenga mtu ambaye mauzo yake hayazidi milioni 4 kwa mwaka. Milioni 4 kwa achari yangu ni chupa 800, yaani mbili na kidogo kwa siku. Hayo ni mauzo, bado hujatoa embe, mafuta, chupa, vifuniko, mkaa na nauli. Mtu wa kiwango hicho serikali yenyewe imemtambua kuwa ni mdogo. Kisha mtu huyohuyo, ili auze kihalali achari iliyofungwa, anatakiwa kwanza ajenge. Na sisi wenye ua wa nyuma ni wenye bahati. Mpangaji wa chumba na sebule Mbagala ajenge wapi?

Anachofanya ni kuendelea kuuza kimyakimya. Lebo haiweki, au anaweka isiyosema kitu, kwa sababu lebo yenye anwani ni kujitangaza. Chumba kinachodaiwa kwa ajili ya usalama kinamfanya mtu aondoe hata kile kidogo ambacho kingemlinda mlaji: jina, tarehe, namba. Mimi mwenyewe sikuweka tarehe miaka miwili, na sababu moja ilikuwa kuogopa kuonekana najifanya kiwanda.

Nina binamu anaishi Minneapolis, Marekani, anauza visheti na achari kwa Waafrika Mashariki wenzake kutoka jikoni mwake, jiko lilelile analopikia wanawe. Nilipomwuliza chumba chako cha uzalishaji kiko wapi hakunielewa. Jimbo lake la Minnesota lina sheria tangu 2015 inayomhusu mtu wa jiko la nyumbani peke yake. Anajiandikisha, anasoma mafunzo ya usalama wa chakula, anauza mwenyewe mkono kwa mkono kwa mlaji, na kwenye chakula anaandika kwamba kimetengenezwa nyumbani na hakikaguliwi na jimbo. Mnunuzi anajua anachonunua. Kuna kikomo cha mauzo pia; 2021 walikipandisha kutoka dola 18,000 hadi 78,000 kwa mwaka. Lakini kilichonivutia ni orodha. Visheti, ruhusa. Mikate, ruhusa. Achari, ruhusa ikiwa pH yake, yaani kipimo cha uchachu ambacho namba ikishuka uchachu umezidi, ni 4.6 au chini ya hapo. Sambusa za nyama, hapana, hata jiko lako liwe la marumaru.

Kule wameanza na chakula chenyewe: kitu gani kinaweza kudhuru na kwa njia gani. Sisi tumeanza na ukuta. Sisemi tunakili Minnesota. Joto letu, maji yetu na umeme wetu si kama vyao, na mkaguzi wetu anapoingia ndani ya nyumba anafanya kazi ambayo kule haifanyiki kabisa kwa mtu wa kiwango cha binamu yangu. Ila mpangilio ule ungeweza kabisa kuingia kwenye kanuni zetu: vitu vikavu na vichachu vipewe ngazi ya kuanzia jikoni mwa nyumbani, na vile vya hatari vibaki na masharti yake yote.

Maana hatari ipo kweli, na haijali usafi wa sakafu. Nilikuwa nataka kuongeza kitunguu saumu kwenye mafuta, watu wanakipenda sana kwenye mihogo. Niliacha baada ya mafunzo. Kitunguu saumu kinatoka ardhini na mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum, ambazo kuchemsha kwa kawaida hakuziui. Ukikizamisha kwenye mafuta umemnyima hewa, na huyo ndiye anayependa kukosa hewa. Kama hakuna uchachu wa kumzuia na chupa inakaa kabatini kwenye joto letu, anatengeneza sumu inayopooza mwili, na chupa inaweza isivimbe wala isinuke. Achari iliyotoa povu ilinitangazia kosa langu. Ile isingetangaza.

Siagi ya karanga nayo nimeikataa, ingawa oda zake ni nyingi. Sumukuvu, sumu inayotolewa na ukungu, inaanzia shambani na kwenye uanikaji, karanga haijafika kwangu. Kukaanga hakuiondoi yote, na kwa macho sehemu kubwa huioni. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu sehemu 10 tu katika bilioni. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara walipata wagonjwa 68 wa sumukuvu kutokana na mahindi, na 20 walifariki. Kenya 2004 walifariki 125 kati ya wagonjwa 317. Anayesaga karanga nyumbani bila kupima kila mzigo, hata awe na vigae mpaka darini, anabahatisha na maini ya watu. Kwa hili mimi nipo upande wa masharti makali bila kusita.

Achari yangu sasa naipima, na naomba nieleze namna, kwa sababu nilipoteza miezi miwili kwa kupima vibaya. Nilianza na zile karatasi za pH za kubadilika rangi. Hazifai kwa achari: bizari inapaka karatasi njano kabla uchachu haujasema neno, na hata bila bizari hazikuonyeshi tofauti ya 4.4 na 4.7, ambayo ndiyo hasa unayoitafuta. Nikanunua kipima cha umeme, kile cha kalamu. Kabla ya kupima nakirekebisha kwa maji yake maalumu yenye pH ya 4 na ya 7. Naiacha achari ikae siku nzima tangu nilipoifunga, kwa kuwa siki ninayotia inaingia polepole ndani ya kipande cha embe. Ukipima mchuzi saa ileile utafurahi bure. Kesho yake nafungua chupa moja, nachuja mafuta, nasaga vipande na maji kidogo yaliyotolewa madini, ndipo natumbukiza kipima. Nataka 4.0 au chini. Pishi la mwisho lilisoma 3.7. Chupa iliyofunguliwa haiuzwi, tunakula wenyewe.

Na lebo. Ina jina la chakula, viungo kuanzia kilicho kingi, uzito halisi, jina langu na mahali, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho, namna ya kuhifadhi, na namba ya toleo, yaani ya pishi lile. Haradali nimeiandika kwa herufi nzito kwa ajili ya wanaodhurika nayo. Namba ya toleo ni tarehe na herufi ya sufuria, kwa peni isiyofutika kama sina stika. Daftari lile la hesabu nililonyang'anya usiku ule ndilo rejesta mpaka leo: toleo, idadi, pH, nani kachukua, lini. Siku moja ya mwezi uliopita nilijijaribu. Nilichagua toleo moja bila kuangalia, nikatazama saa, nikaanza kutafuta wenye chupa zake. Chupa 18, wateja 12, dakika sita.

Hakuna sheria iliyonilazimisha kuwa na kile kipima na lile daftari kwa kiwango changu, na wala havikuhitaji ukuta mpya. Ndiyo maana nashikilia kwamba vingeweza kuwa sharti la kwanza. Mwambie mama wa Mbagala: leta cheti cha afya, soma mafunzo ya SIDO, andika lebo hii, shika rejesta hii, uza achari na visheti na ubuyu mkavu mwenyewe kwa mkono wako mpaka milioni 4; ukizidi hapo, au ukitaka kuweka dukani, ndipo tuje tuangalie chumba. Ataonekana. Afisa afya atajua yuko wapi. Siku achari yake ikichemka, itajulikana imekwenda kwa nani. Haya nimeyasema kwenye mafunzo mbele ya maofisa, na mmoja aliniomba niyaandike. Nimeyaandika, nimepeleka.

Mama wa Kimara alirudi wiki mbili baada ya ile simu. Niliogopa kumtazama. Alichukua chupa mbili kama kawaida, akainua moja juu ya mwanga, akasoma tarehe, akasoma namba, akauliza, "Hii herufi B ni ya nini?" Nikamweleza. Akasema vizuri, sasa nikikupigia utajua naongelea sufuria gani.

Chumba naendelea nacho, kwa sababu duka moja la Mikocheni limesema litapokea chupa 60 kwa mwezi zikiwa na alama ya ubora, na bila chumba hakuna alama. Nimejenga kwa hela za mchezo wetu wa kikundi, zamu yangu iliangukia Aprili. Fundi amefika kwenye lenta. Bado bati, dari, vigae na wavu wa madirisha mawili. Karo la kunawia nimeshalinunua, limeegemezwa ukutani sebuleni, watoto wanaweka madaftari humo.